Matumizi Yalitosha

Watu wa mtaa wetu walinipa jina la Mama Shibe, na jina hilo ndilo lililonipokonya nyumba. Naeleza tangu mwanzo, kwa sababu wanaosimulia habari hii huanzia mwisho, na ukianzia mwisho mimi ndiye ninayeonekana mbaya.

Mume wangu alikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda cha rangi. Wenzake walimwita Stoo, jina likamfuata mpaka nyumbani, hata mama yake mzazi akawa anamwita hivyo. Alikuwa mtu wa mipango. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini aliacha matumizi mezani, chini ya kopo la sukari, hela amezikunja vizuri kama mtu anayefunga zawadi. Hakuuliza kama za jana zilitosha. Mimi nami sikumwambia.

Sikusoma. Shule yangu ilikuwa jiko la mama yangu, na mama alinifundisha somo moja kuliko yote: mwanamke humsitiri mume wake. Ya jikoni yaishie jikoni. Mgeni akija asijue kwamba jana mlilala na uji. Mume akirudi akute chakula na uso mkunjufu, hayo mengine utajuana mwenyewe na sufuria yako. Nililishika somo hilo barabara, na kama lingekuwa na mtihani ningepata zote.

Mwanzoni matumizi yalitosha kweli. Tulikuwa wawili kwenye chumba cha kupanga, na hela ya siku ilinunua chakula ikabakiza ya sabuni. Kisha akaja binti yangu, wakafuata wadogo zake. Mkaa ukapanda bei, mafuta yakapanda, maharage yakapanda, lakini hela ya chini ya kopo haikupanda. Stoo alipandishwa cheo, akapewa ofisi yenye feni. Chini ya kopo hali ikabaki ileile.

Asubuhi moja nilijikaza. Alikuwa ameinama anapiga viatu rangi.

"Baba watoto," nikasema, "mafuta ya kupikia yamepanda tena."

"Kila kitu kimepanda, mke wangu. Ndiyo maana tunajenga." Wakati huo alikuwa amenunua kiwanja, na mwenye nyumba wetu alikuwa akitutukana kila mwezi. "Ukisema hayatoshi nakuongezea. Lakini nikikuongezea, nasimamisha matofali. Ni wewe tu. Unataka nyumba au unataka mafuta?"

"Nataka nyumba."

"Basi," akasema, akavaa kiatu.

Hayo ndiyo makubaliano yetu. Hayakuwa na shahidi zaidi ya brashi ya viatu. Lakini niliyachukua kwa uzito wote. Tangu siku hiyo sikuona tena kwamba napika. Niliona kwamba najenga. Niliposhusha sufuria motoni kabla mkaa haujaisha nilijiambia, hilo ni tofali. Nilipomwaga mafuta kijiko kimoja badala ya viwili nilijiambia, na hili nalo ni tofali.

Maharage niliyaloweka tangu jana yake. Asubuhi niliyachemsha kwa muda mfupi tu, yakishatokota sawasawa naitoa sufuria motoni bila kufunua kifuniko, naiviringisha blanketi kuukuu, naitia ndani ya boksi nililolijaza matambara. Yaliiva humo yenyewe mpaka mchana, bila hata kipande cha mkaa. Maji yake sikuyamwaga. Ndiyo yaliyokuwa mchuzi wa jioni. Ukoko wa wali niliuanika, nikautwanga, ukawa wa kuzitia supu uzito. Maganda ya viazi niliyasugua mpaka yang'ae, nikayakaanga kwa chumvi, watoto wakayaita biskuti na kuyagombania. Chupa ya mafuta sikuifungua kabisa, niliitoboa kifuniko kwa msumari, yakawa yanatoka matone. Kwa muuza mkaa niliomba vumbi linalobaki chini ya gunia, nikalikanda na udongo, nikaviringisha mabonge na kuyakausha juani. Yaliwaka polepole kama mtu mwenye kinyongo, lakini yaliwaka.

Hata nguo. Shuka likichoka katikati nililikata kati, nikaunganisha pembeni kwa pembeni, palipochoka pakawa kando. Kola za mashati ya Stoo zilipochakaa nilizifumua, nikazigeuza, upande wa ndani ukawa wa nje. Alikwenda kazini anameta. Watu wakasema huyu bwana anajiweza.

Na hapo ndipo palipo na jambo lenyewe. Kubana matumizi wanawake wengi wanajua. Mimi nilijua kubana bila mtu kuona. Mgeni akibisha hodi nilikuwa nimeshajua la kufanya. Nilikuwa na kisahani cha mafuta ya nyama niliyoyakusanya kidogo kidogo. Nilitia kijiko kimoja kwenye kikaango na kitunguu, nikafungua dirisha la jikoni, na harufu ikatoka mpaka kwenye bomba la maji, wanawake waliopanga foleni wakageuza shingo. Nyama yenyewe ilikuwa vipande nilivyovikata vidogo kama kucha, nikavipanga juu ya bakuli, chini viazi. Mgeni anachota anaona nyama, anakula anashiba viazi, anaondoka anasema amekula nyama. Sikumdanganya mtu. Nyama ilikuwamo.

Mgeni aliyekuja zaidi alikuwa wifi yangu, dada yake Stoo. Huyo alikuwa na tumbo linalojua saa.

"Wifi, nimepita tu kuwasalimia," anasema, huku keshavua viatu.

"Karibu, wifi. Umefika wakati mzuri."

"Wewe nawe! Kwako kila wakati ni mzuri. Kaka yangu ameoa benki."

Akamaliza bakuli akaomba kuongezewa, na nilimwongezea. Sehemu aliyoongezewa ilikuwa yangu. Nikishawagawia wote, mara nyingi kwenye sufuria hakikubaki kitu ila harufu. Watoto wakiniita nije tule, nilijibu, "Mimi nimeshakula huku jikoni, kuleni." Nikakwangua sufuria kwa sauti ili wasikie kijiko. Nikanywa maji.

Mtaa ukaniita Mama Shibe. Nilivimba kichwa. Mtu aliyejaa njaa akiitwa Shibe, ni kama amevishwa taji.

Nyumba ikapanda. Msingi, kuta, bati, halafu madirisha. Vyumba vitatu, sebule, na jiko la ndani lenye dirisha pana nililolichagua mimi. Siku tulipohamia Stoo aliwasimamisha ndugu zake uani akawaambia, "Hili ni jasho langu." Nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika sinia la vikombe. Nikasema moyoni, mwanamume akisema langu mbele ya ndugu, ana maana letu. Nilimsitiri hata kwa hilo.

Watoto walikua, wakaondoka mmoja mmoja. Binti yangu alisoma, akapata kazi ya kuandikisha wagonjwa hospitalini, akapanga chumba chake. Tukabaki wawili tena, na matumizi chini ya kopo yakapungua, eti kwa kuwa walaji wamepungua.

Kisha Stoo akapata mwanamke. Msichana wa mapokezi pale kiwandani, mdogo kidogo kwa umri kuliko binti yetu, kucha ndefu, kicheko kifupi. Sitamsema sana; yeye hakuwahi kuniahidi kitu. Stoo alinikalisha sebuleni mchana wa siku ya mapumziko, akaniambia kwa sauti anayotumia kazini.

"Mimi na wewe tumefika mwisho. Humu nataka kuishi na mwenzangu. Wewe nitakutafutia chumba, mwezi wa kwanza nitalipa."

"Nyumba hii ni yetu."

"Ni yetu vipi? Karatasi ina jina la nani? Fundi alilipwa na nani?" Akacheka kidogo. "Wewe ulikuwa na kazi gani humu zaidi ya kupika na kula?"

Nilimjibu kwa maneno machache tu. Nilimwambia, "Ita kikao."

Kikao cha familia kilikaa sebuleni mwetu, chini ya bati nililolijenga kwa kijiko. Mwenyekiti alikuwa kaka yake mkubwa, yule shemeji ambaye kila mtu anamwogopa kwa sababu huongea taratibu. Alikuja wifi, wakaja wajomba wa Stoo, akaja jirani yetu fundi cherehani awe macho ya mtaa, akaja binti yangu kutoka mjini na sare yake ya kazi. Hata siku ya kuhukumiwa mimi ndiye niliyepika chai.

Shemeji mkubwa alikohoa. "Shemeji, tumesikia unadai sehemu ya nyumba hii. Ndugu yangu anasema aliijenga peke yake. Wewe uliweka nini?"

Nilikuwa nimelifikiria jibu hilo wiki nzima. "Niliweka nilichoacha kula," nikasema.

Wakatazamana. Fundi cherehani akaficha kicheko ndani ya kikombe.

"Hebu fafanua," shemeji akasema.

"Matumizi hayakutosha. Nilimwambia, akaniuliza nataka nyumba au mafuta. Nikasema nyumba. Ile ambayo angeniongezea ndiyo iliyonunua matofali. Mimi nikabaki najipanga na kidogo kilichokuwapo."

Stoo akainua mkono kama mwanafunzi. "Kaka, niulize mimi. Kabla ya ugomvi huu, kuna siku niliondoka bila kuacha matumizi? Aseme mbele yenu."

"Hakuna," nikasema.

"Na huko kulalamika kwake, alilalamika mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mmesikia! Mara moja, ndoa nzima!" Akawageukia wenzake, mikono wazi. "Nani ana mke aliyelalamika mara moja? Wangu huyu kama si bubu, basi matumizi yalitosha. Tena yalibaki."

Wanaume wakacheka, kila mmoja akimfikiria mke wake. Kicheko hicho kilinikata maini, maana kilikuwa cha kunisifu.

Shemeji mkubwa akamgeukia wifi. "Wewe ulikuwa unaingia na kutoka humu. Ulionaje?"

Wifi alinitazama kwa huruma. Najua alinipenda. "Mbele ya wakubwa siwezi kusema uongo," akasema. "Wifi yangu ni mtu wa watu. Lakini njaa? Humu? Jamani! Mimi nikiona kwangu ni majani tu, najitia nakuja kumsalimia kaka. Harufu ya nyama unaanza kuipata kwenye bomba. Niliwahi kuja na mimba, nikala, nikaongezewa, na vingine nikafungiwa. Nyumba yenye shida haifungi chakula, kaka."

"Ni kweli," fundi cherehani akadakia. "Na mavazi pia. Huyu bwana kila siku kola mpya. Mimi nilishamnunia, nikidhani anashonesha mashati kwa fundi mwingine."

Wakacheka tena. Nilikaa nikisikiliza watu wenye ukweli mtupu wakinizika. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alisema alichokiona, na kila walichokiona mimi ndiye niliyekipika nikakipakua.

Mwisho wakamwita binti yangu. Nikashusha pumzi. Huyu alikulia jikoni mwangu, nikasema, huyu anajua.

"Mwanangu," shemeji mkubwa akamwambia kwa upole, "baba yako na mama yako wote ni wako. Sema unalolijua tu. Uliwahi kulala njaa katika nyumba ya baba yako?"

Alinitazama. "Hapana, baba mkubwa."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Na mama yako je? Alikuwa anakula?"

"Mama alikuwa…" Akasita, akitafuta. "Mama alikuwa anakula jikoni. Sisi tukiitwa kula, yeye alikuwa anasema ameshakula."

"Kwa hiyo alikula kabla yenu."

"Alikuwa anasema hivyo. Tulikuwa tunasikia anakwangua sufuria."

"Mpishi huyo!" akasema mmoja wa wajomba. "Kaonja mpaka kashiba!"

Kicheko kikazunguka sebule nzima, na binti yangu akainamisha kichwa. Watu huniambia nisimlaumu, siku hizo alikuwa mtoto, alisema alichosikia. Haya, simlaumu. Lakini kilichoniuma si Stoo wala wifi. Kiliniuma kile kijiko cha kukwangua sufuria.

Nikasimama. Mama yangu angekuwa hai angenivuta khanga nikae chini. Lakini nilikuwa nimesitiri mpaka nimebaki mimi peke yangu nje ya sitara, nikaona sasa namwaga mtama wote.

"Sikula," nikasema. "Sufuria ilikuwa tupu. Nilikuwa nakwangua chuma. Na nyie wote mnaonisifu kwa shibe, nawaambieni mlikula nini. Wifi, ile nyama unayoisema, kwenye bakuli lako haikujaza kiganja. Vilivyokushibisha ni viazi na maji ya maharage. Harufu uliyoipata kwenye bomba ilikuwa kijiko kimoja cha mafuta ya nyama ya tangu juma lililopita, na nilifungua dirisha makusudi. Na vile ulivyofungiwa ukaenda kula nyumbani, ukaniambia vitamu kama biskuti, yalikuwa maganda."

"Maganda gani?" wifi akauliza.

"Ya viazi."

Wifi alishika kifua. "Maganda? Ulinilisha maganda, mimi? Na mimba yangu tumboni?"

"Niliyaosha vizuri, wifi. Na uliomba kuongezewa."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Fundi," nikaendelea, "kola zile hazikuwa mpya. Niligeuza ndani nje. Hukujua kwa sababu nilishona vizuri. Na wewe shemeji mkubwa, ulipougua ukaletewa supu ukasema imekurudishia damu, mifupa ile ilikuwa imeshachemshwa mara mbili kabla ya kufika kwako. Uzito wake ulikuwa ukoko wa kutwanga."

Nilidhani sasa wataona. Nilidhani kila mmoja atarudisha akili nyuma, atazame bakuli lake, aone mkono wangu ulivyofanya kazi. Niliwatazama mmoja mmoja nikingoja nyuso zifunguke. Zilikuwa zinafunga.

Shemeji mkubwa aliweka kikombe chini polepole. "Na chai hii?"

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa nimechoka. "Majani ni ya jana. Stoo hajaacha matumizi tangu aliponiambia niondoke. Sukari tu ndiyo ya leo."

Vikombe vikashushwa mezani kimoja baada ya kingine, kama vile nimewaambia nimetia sumu.

"Kumbe!" wifi akasema, na sauti yake ilikuwa imeshabadilika. "Kumbe tulikuwa tunalishwa makombo huku tunachekewa moyoni. Na mimi nikawa namsifu mtaa mzima! Mkono wa birika huyu!"

Hapo Stoo akaona mlango. Alinijua vizuri kuliko nilivyodhani. Akaegemea kiti, akauliza taratibu, karibu kwa upole, "Mke wangu, nisaidie kitu kimoja. Mkaa ulikuwa vumbi la kuomba. Mafuta yalikuwa matone. Nyama haikujaza kiganja. Sasa hela nilizokuwa naacha kila siku ya Mungu, zilikuwa zinakwenda wapi?"

Wote wakanigeukia.

"Zilikuwa ndogo," nikasema. "Ndizo zilizonunua hicho kidogo."

"Ndogo kiasi gani? Familia nzima ile maganda, mimi naacha matumizi? Hapana, kaka. Mimi nilikuwa sijui. Leo ndiyo nasikia kutoka mdomoni mwake. Huyu alikuwa anatupunja sote."

Niliwatazama wanaume wale. Hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kununua mafuta ya kupikia. Ukiwauliza bei ya saruji wangekutajia ya mwaka huu na ya mwaka juzi, lakini bei ya maharage walikuwa hawaijui kabisa. Aliyeijua alikuwa mmoja tu, wifi, ambaye alikwenda sokoni kama mimi na kubishana na wauzaji walewale. Nikamgeukia.

"Wifi, wewe unajua. Waambie kilo ya maharage ni bei gani. Waambie kama hela ile ingeweza kulisha watu wote wale."

Wifi akafunga khanga yake upya kiunoni, akatazama dirishani. "Mimi najua ya kwangu," akasema. "Ya kwako siyajui. Si ulikuwa unaficha?"

Hukumu haikuchukua muda. Shemeji mkubwa alisema nyumba ni ya ndugu yake, aliyeijenga. Mimi, kwa heshima ya watoto niliowazaa, nipewe vyombo vya jikoni vyote, na mwezi mmoja wa chumba. Akatamka vyombo vya jikoni kama mtu anayetoa shamba.

Katika ukoo ule kikao kina namna yake ya kufungwa. Kila upande husimama mbele ya wote ukasema, "Nimeridhika." Neno likishasemwa na pande mbili, jambo limezikwa, hakuna wa kulifukua. Lisiposemwa, kikao kiko wazi, na nyumba yenye kikao kilicho wazi ukoo hauwezi kufanyia shughuli. Hakuna posa wala harusi wala matanga. Watu huwa wanalisema tu, hata walioshindwa, maana ni neno la kuondokea, kama kuaga.

Stoo akasimama. "Nimeridhika." Akaketi.

Wakanitazama mimi. Tayari wifi alikuwa anatafuta viatu vyake kwa miguu.

"Sijaridhika," nikasema.

"Shemeji, hilo ni la kufungia tu," akasema shemeji mkubwa.

"Najua."

"Haliongezi wala halipunguzi. Nyumba imeshaamuliwa."

"Najua, shemeji. Nyumba chukueni. Kuridhika sijaridhika."

"Mama," binti yangu akaninong'oneza, "sema tu, yaishe."

Stoo akaanza kutokwa jasho. "Mwaona roho yake? Mwaona ninayoyasema?"

Wakanibembeleza, wakanitisha, wajomba wakataja watoto, wakataja kaburi la mama yangu. Nilikaa nimekunja mikono. Sikulia wala sikupaza sauti. Mwisho shemeji mkubwa akachukua fimbo yake akaondoka bila kufunga, na wengine wakamfuata wakiwa hawajui waage vipi.

Sasa naishi chumba cha uani, nyuma ya mchomelea vyuma. Nauza maharage yaliyochemshwa. Wanawake wa siku hizi mkaa umewashinda, wanakuja na vibakuli, nawapimia kwa kopo, wanakwenda kuunga vitunguu kwao. Nayapika kwenye boksi langu la matambara, na wateja wanashangaa yalivyo laini. Faida ipo. Ni ndogo, lakini naiona yote kwa macho yangu.

Stoo hajapatwa na lolote. Watu wanapenda kusikia kwamba aliadhibiwa, nami ningependa pia, lakini hakuadhibiwa. Amepaka nyumba rangi ya kiwandani, ya buluu. Mke mdogo wiki ya kwanza aliyatazama matumizi ya chini ya kopo akalia mpaka kucha zikamvunjika, akaongezewa siku hiyohiyo. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Jambo moja tu linamsumbua: shughuli za ukoo zinafanyika kwingine, na yeye, mwenye sebule kubwa kuliko ndugu zake wote, anakaribishwa kwa watu kama mpangaji.

Juzi binti yangu alikuja. Alikaa juu ya gunia, akakataa maji, akanieleza kwamba kuna kijana, na wazazi wa kijana wanataka kuja kujitambulisha.

"Hongera, mwanangu."

"Asante, mama." Akavuta uzi kwenye sketi yake. "Baba anasema waje nyumbani. Na mimi napenda waje nyumbani, nilikokulia. Lakini baba mkubwa amekataa. Anasema mpaka wewe useme lile neno."

"Nani amekutuma?"

"Nimekuja mwenyewe. Mama, ni neno moja. Si kwa ajili ya baba, ni kwa ajili yangu."

Alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana ilikuwa vigumu. Kwa ajili yake nilishasema uongo mwingi kuliko huo, tena na kijiko mkononi. Mteja akaja, nikampimia, nikampa chenji yake. Nikapata muda wa kufikiri, na kila nilipolifikisha neno lile kwenye ulimi nilisikia kicheko cha wajomba.

"Waje hapa," nikasema.

"Hapa?" Alitazama kuta, kamba ya nguo, cheche za mchomelea vyuma zikiruka nje ya mlango. "Watakaa wapi, mama? Watatuonaje?"

"Watakaa kwenye magunia. Watatuona tulivyo. Na chai nitapika ya majani mapya, maana hela ya majani ninayo."

"Unanikomoa mimi badala ya baba."

"Sikukomoi. Sijaridhika, mwanangu. Nikisema nimeridhika, nitakuwa nimekudanganya tena, na safari hii una akili za mtu mzima."

Akasimama, akajipangusa vumbi la gunia. Hakusema watakuja wala hawatakuja. Alivuka uani kwa haraka akizikwepa cheche, akatoka getini bila kuaga, na mimi nikabaki na kopo mkononi nikimtazama mgongo.